Shawa ya Temeke haiogeshi Njombe

Mwalimu mmoja, rafiki yangu wa siku nyingi, alihamishwa kutoka Temeke kwenda Njombe. Akafungasha vyombo vyake vyote pamoja na shawa ya umeme aliyoinunua Kariakoo mwaka mmoja kabla. Ilikuwa ya kilowati 5.5, na Dar es Salaam ilimridhisha hata akaona ni dhambi kumwachia mwenye nyumba. Juni ilipoingia alinipigia simu. "Fundi, hiki kidude kimeumia kwenye basi," alisema. Nimesomea uhandisi mitambo, lakini mtu akishakukuta na spana bafuni wewe ni fundi, na sina ugomvi na cheo hicho. Akifungua maji yote yanatoka baridi. Akiyabana mpaka yapate moto, kinachobaki ni mchuruziko wa kuoshea kijiko. Nikamwambia shawa ni nzima, haikuumia popote. Imepandishwa mlima tu.

Msimamo wangu, ambao umenikosanisha na wauza duka kadhaa, ni huu. Kwa nyumba ya familia iliyo kwenye nyanda za juu, iwe Njombe, Mbeya, Iringa, Arusha au Lushoto, na hata ng'ambo ya mpaka kule Limuru na Eldoret, shawa ya umeme ya papo kwa papo ni ununuzi mbaya hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa. Nunua hita ya tangi yenye koili ndogo, na pale mawingu yanapokuruhusu, lipe jua sehemu kubwa ya kazi. Pwani mambo yanageuka: kwa Dar es Salaam shawa inatosha kabisa, na tangi kubwa ni mzigo wa bure. Kifaa kizuri kwa dada yako aliyeko Tabata kinaweza kuwa kichekesho kwako uliyeko Makambako, na karatasi ya matangazo iliyobandikwa kwenye boksi haitakwambia.

Kupandisha joto la lita moja ya maji kwa nyuzi moja kunahitaji nishati ileile popote duniani, kama kilojuli 4.2. Kutokana na hapo mafundi tunapata kanuni fupi inayokaa kichwani: chukua kilowati za hita, zidisha kwa 14, gawa kwa nyuzi unazotaka kuongeza. Jibu ni lita kwa dakika. Maji ya bomba Temeke huingia yakiwa na nyuzi 27 hivi, na maji ya kuoga yanayopendeza ni nyuzi 40. Unaongeza nyuzi 13 tu. Zidisha 5.5 kwa 14 upate 77, gawa kwa 13: karibu lita 6 kwa dakika, maji ya kutosha kichwa cha shawa. Sasa nenda Njombe asubuhi ya Juni. Nimeweka kipimajoto kwenye bomba la mwalimu, kile cha kupimia maziwa, kikasoma nyuzi 14. Unatakiwa kuongeza 26. Sabini na saba gawa kwa 26 ni lita 3 kwa dakika. Nusu kamili. Kifaa kilekile, umeme uleule, bili ileile kwa kila dakika, na anayesikia baridi zaidi ndiye anayepewa maji kidogo zaidi.

Nimesema umeme uleule, lakini hapo nimemwonea mwalimu. Shawa ya kilowati 5.5 hutoa kilowati hizo ikipata volti 230. Saa moja jioni, mtaa mzima ukiwa umewasha pasi, majiko na televisheni, nyumba iliyo mwisho wa laini huweza kushuka hadi volti 190. Nguvu ya koili haishuki sambamba na volti. Inashuka kwa mraba wake. Kwenye volti 190 koili ile inatoa kilowati 3.75 tu, na Njombe hizo ni lita 2 kwa dakika. Ndiyo maana nawashauri watu wapime mambo matatu kabla ya kukanyaga dukani: joto la maji yanayoingia asubuhi ya kipupwe, volti ya jioni, na urefu kutoka kwenye shawa hadi chini ya tangi la juu. Hili la tatu wengi hulisahau. Kila mita moja ya kimo hukupa shinikizo la kama sehemu moja ya kumi ya baa. Simtank iliyowekwa juu ya slabu ya bafu, mita moja tu juu ya kichwa chako, huenda isisukume maji ya kutosha hata kuibonyeza swichi ya ndani ya shawa. Mtu anabadilisha shawa mara tatu, kumbe angejenga mnara.

Halafu kuna waya. Kilowati 5.5 kwa volti 230 ni ampea 24. Saketi ya kawaida ya soketi, yenye waya wa milimita za mraba 2.5, haikukusudiwa kubeba mzigo huo dakika ishirini kila alfajiri. Shawa inataka njia yake peke yake kutoka kwenye boksi la breka, kwa waya usiopungua milimita za mraba 4. Umbali ukiwa mrefu mimi huweka 6. Nimefungua kuta nikakuta waya wa taa, milimita 1.5, umeungwa kwenye shawa kwa tepu nyeusi, plastiki yake imeungua mpaka imekuwa kama ngozi ya mhogo wa kuchoma. Aliyefanya hivyo hakuwa mwovu. Alikuta nyumba imeisha kupigwa rangi na mwenye nyumba hataki ukuta uchimbwe. Hita ya tangi yenye koili ya kilowati 1.5 inavuta chini ya ampea 7. Saketi uliyonayo inaibeba bila kutokwa jasho.

Hapo ndipo siri ya tangi ilipo: linafanya kazi polepole wakati wewe umelala. Lita 50 kutoka nyuzi 14 hadi 60, kwa kilowati 1.5, huchukua saa moja na dakika 45 hivi na kula uniti 2.7 za Luku. Ukizichanganya na maji baridi zinakupa karibu lita 88 za kuogea, yaani ndoo kubwa nne na zaidi kidogo. Mtu mmoja anayeoga kwa adabu hutumia lita 30. Familia ya watano wanaooga wote asubuhi moja watahitaji tangi la lita 80; wakigawana, watoto jioni na wakubwa asubuhi, la 50 linatosha. Nimeona familia ya watu wanne ikiuziwa tangi la lita 200 la umeme mtupu. Huko ni kupasha moto maji ya wageni ambao hawajaalikwa.

Najua pingamizi linalokuja: tangi linakula umeme usiku kucha. Nalikubali kwa kiasi chake. Tangi la lita 50 lenye povu zuri la kuhifadhi joto, likiachwa kwenye nyuzi 60, hupoteza kama uniti moja kwa siku au zaidi kidogo, na shawa ya papo kwa papo haina hasara hiyo. Kwa uniti peke yake shawa inashinda kidogo. Lakini tazama ukubwa wa mambo. Watu watano kwa lita 30 kila mmoja, wakiongezewa nyuzi 26, wanahitaji uniti 4.5 kwa siku hata wakitumia kifaa gani cha umeme, kwa sababu maji hayajui yamepashwa na nani. Kwa mwezi ni uniti 135. Mteja aliyezoea kundi la matumizi madogo la TANESCO, lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, ameshatoka humo kabla hajawasha taa. Kuokoa uniti moja ya hasara kwa kukubali maji yanayodondoka kama ya paa bovu si uchumi ninaouelewa. Na hiyo uniti moja nayo inapunguzika: funga kitaima, tangi liwake saa tisa usiku na lizimwe saa kumi na mbili asubuhi.

Wengine wakishasikia habari ya hasara hushusha themostati hadi nyuzi 45. Usifanye hivyo. Kati ya nyuzi 20 na 45 ndipo bakteria wa Legionella wanapostawi, hao waliopata jina lao baada ya mkutano wa maveterani wa American Legion mjini Philadelphia mwaka 1976, ambako watu waliugua nimonia na wengi wakafa. Weka 60, na uchanganye na baridi bombani, maana maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache, na ya mtoto haraka zaidi.

Jua sasa. Hapa nina neno la kuwaambia mafundi wenzangu wanaouza mtambo mmoja nchi nzima kana kwamba anga ni moja. Tanzania hupata kati ya kilowati-saa 4 na 7 za jua kwa kila mita ya mraba kwa siku, kutegemea mahali na majira. Chukua 5, chukua paneli bapa ya mita mbili za mraba inayokamata nusu ya hizo, unapata uniti 5 kwa siku: karibu kabisa na zile 4.5 za watu wetu watano. Kwenye karatasi ndoa imefungwa. Tatizo ni kwamba familia haiogi kwa wastani wa mwaka. Inaoga Julai. Na Julai ya Iringa na Mbeya si Julai ya Arusha na Nairobi. Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Kipupwe chao ni kikavu, baridi kali usiku na anga wazi mchana. Baridi na jua vinakuja pamoja, na paneli inafanya kazi siku zilezile unazoihitaji. Arusha, Moshi na Nairobi, Juni hadi Agosti wingu la chini hukaa kama blanketi, siku baada ya siku hulioni jua mpaka alasiri. Huko jua linakuacha katikati ya baridi. Mkazi wa Mbeya namshauri anunue mtambo wa jua na koili ya akiba ambayo ataiwasha kwa nadra, labda Januari mvua ikishika. Mkazi wa Arusha namwambia anunue akijua kwamba kwa wiki kadhaa za mwaka anamiliki tangi la umeme lililoko juu ya paa. Bado linaweza kumlipa, lakini asije akanilaumu mwezi wa saba. Njombe yenyewe, kwa ukungu wake, iko katikati, na ndiyo maana mwalimu nilimwanzishia na umeme.

Kuhusu mirija ya kioo na paneli bapa, watu hubishana kama Simba na Yanga. Mirija hushika joto vizuri zaidi siku za mawingu na hivyo inafaa Arusha. Kasoro yake inahusu mgao wa maji: tangi likikauka, mirija inaoka juani bila kitu ndani, kisha maji baridi yakirudi saa saba mchana kioo kinapasuka. Ukiwa na mgao, jaza mtambo alfajiri au jioni tu. Paneli bapa ni ngumu zaidi na huvumilia ujinga wa kila aina. Kwa vyovyote, kwa kuwa Tanzania yote iko kusini ya ikweta, paneli itazame kaskazini, na iinamishwe si chini ya nyuzi 10 ili maji yapande yenyewe bila pampu. Nimeona moja inayotazama kusini kwa sababu huko ndiko barabara ilikokuwa, na mwenye nyumba alitaka ionekane.

Gesi nayo ina watetezi, na kwa nguvu hawakosei. Hita ya gesi ya lita 10 kwa dakika ina nguvu ya kilowati zaidi ya 15. Njombe ingekupa lita 8 au 9 kwa dakika bila kuuliza volti. Mtungi wa kilo 15 ukiungua ndani yake hufanya kazi ya uniti kama 160 za umeme, kwa hiyo hesabu yako ni rahisi: gawa bei ya mtungi mtaani kwako kwa 160, linganisha na unacholipa Luku. Mara nyingi utakuta tofauti ni ndogo kuliko ulivyoambiwa. Kinachonifanya niipendekeze kwa masharti ni pale inapofungwa. Moto unaoungua bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayong'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Bafu lenye dirisha lililofungwa kwa sababu ya baridi ni mahali pabaya kuliko pote, na ndiko mafundi wanakoitundika, maana mabomba yapo pale. Hita ya gesi ifungwe nje, ukutani, chini ya kibanda kidogo, bomba la maji moto liingie ndani peke yake. Mwenye duka akikwambia yake haina shida hiyo, ondoka.

Nikirudi pwani niliyoipa shawa kwa mkono mmoja, lazima niikemee kwa mwingine. Katika shawa nyingi za aina hii koili iko uchi ndani ya maji yenyewe. Maji matamu hupitisha umeme kidogo sana. Maji ya kisima chenye chumvi, kama ya visima vingi vya Kigamboni, huupitisha kwa wingi. Ndiyo maana kuna shawa zilizotengenezwa mahususi kwa maji ya chumvi, na tofauti ya bei ni ndogo kuliko gharama ya matanga. Bila waya wa ethi uliofika ardhini kweli, na breka inayokata umeme unaovuja, mimi siogi. Nimewahi kukuta waya wa ethi umekatwa makusudi kwa sababu "ulikuwa unaangusha breka". Ulikuwa unaangusha breka kwa sababu umeme ulikuwa unavuja.

Zanzibar na Mombasa, kwenye mwamba wa matumbawe, adui ni chokaa. Inaganda kwenye koili kama ukoko wa wali, joto linashindwa kutoka, koili inaungua. Huko chagua hita ambayo koili yake inafunguka na kusafishwa, siki ya kutosha inafanya kazi hiyo. Na ndani ya matangi mengi ya chuma kilichopakwa enameli kuna kitu ambacho nadhani wamiliki tisa kati ya kumi hawajawahi kukisikia: fimbo ya magnesiamu. Imewekwa ili iliwe na kutu kabla ya tangi kuliwa. Ikiisha, tangi ndilo linalofuata. Ifungue kila baada ya mwaka mmoja au miwili, mapema zaidi kwa maji ya chumvi, na ikiwa imebaki waya mtupu, badilisha. Matangi yanayotupwa yakiitwa feki, mengi yalikufa kwa njaa ya fimbo hiyo.

Kosa la mwisho ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa kuwa hufanywa na mafundi. Maji yakipashwa hutanuka. Lita 50 kutoka nyuzi 14 hadi 60 zinaongezeka kwa karibu lita 0.8, na bomba likiwa na vali isiyorudisha maji nyuma, ziada hiyo haina pa kwenda isipokuwa kwenye vali ya usalama. Inadondoka. Inatakiwa idondoke. Mwenye nyumba anaona tone, anamwita fundi, fundi anaweka plagi, wote wanafurahi. Siku themostati ikikwama, mmelala na bomu lenye ujazo wa lita 50 juu ya dari.

Nini kifanyike? Anayejenga sasa hivi apitishe waya wa hita na bomba la maji moto kabla ya plasta, hata kama hita yenyewe ataimudu baada ya miaka mitano. Bomba liwe PPR yenye alama PN20. PVC ya kawaida hulegea kwa maji ya nyuzi 60. Tangi liwe karibu na bafu: mita 15 za bomba la inchi nusu zinabeba kama lita 2 za maji yaliyopoa ambayo utayamwaga kila unapooga, na kuyapasha upya. Fundi wa umeme aonyeshe leseni ya EWURA kabla hajashika bisibisi. Na kwa Shirika la Viwango nina ombi moja dogo. Boksi la kila shawa ya umeme liandikwe, kwa Kiswahili na kwa herufi za kusomeka, lita kwa dakika kwenye ongezeko la nyuzi 13 na la nyuzi 26, badala ya picha ya mwanamke wa kigeni anayecheka chini ya maporomoko. Kenya mwaka 2012 ilitunga kanuni zilizotaka majengo yanayohitaji zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yafungwe mitambo ya jua. Utekelezaji wake ni mjadala mwingine. Ninachokisifu ni kwamba waliotunga walianza na lita.

Mwalimu alinunua tangi la lita 50, shawa akamtumia mdogo wake Mbagala, ambako nasikia inafanya kazi kama mpya. Nilimfungia mwenyewe Jumamosi moja. Jumapili, kabla ya ibada ya kwanza, simu ikaita. "Fundi, samahani kukuamsha. Hii hita yako inavuja." Nikamwuliza ni kwa kasi gani. Tone moja moja, alisema, chini ya kile kishaba kidogo. Nikamwambia atafute kopo.